Kinga ya msumeno ishushwe, na ajali iandikwe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linalowapata vijana wetu wanaofanya kazi kwenye vitengo vya nyama vya supamaketi na mabucha makubwa hapa Malindi. Wanakatwa vidole na mashine, wanafungwa bendeji, wanapewa nauli ya kurudi nyumbani, na habari inaishia pale pale. Haiandikwi popote. Mimi ni mkata nyama. Nimeianza kazi hii kwa shoka na gogo, nikaja kuifanya kwa msumeno wa umeme, kwa hivyo ninayoyasema hapa si ya kusikia.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mtoto wa dada yangu. Alimaliza skuli, akahangaika, mwishowe akapata kibarua kwenye supamaketi moja mjini. Duka silitaji, wala jina la kijana silitaji, maana bado anatafuta riziki mji huu huu. Ilikuwa Desemba, wageni wamejaa, nyumba za kupangisha kuanzia Casuarina hadi Watamu zinaagiza nyama asubuhi zikitaka iletwe kabla ya adhuhuri. Kijana akawekwa kwenye msumeno wa kukatia mifupa. Aliyekuwa akiushika alikuwa ameacha kazi. Hakufundishwa, alioneshwa swichi tu. Akaambiwa, "Wewe si mjomba wako ni mtu wa bucha? Basi unajua."

Alikuwa akikata mbavu za mbuzi zilizoganda. Kidole chake cha shahada kilikwenda maungio mawili, na cha kati kikapoteza ncha. Wenzake, kwa huruma tu, wakakiokota kipande na kukitia ndani ya ndoo ya barafu ya samaki. Hospitalini daktari alikitazama akasema baridi imekwisha kukiharibu, hakishoneki. Hili nalisema mapema kwa sababu laweza kumfaa mtu kesho: kiungo kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ufungwe barabara, halafu huo mfuko ndio uwekwe kwenye maji ya barafu. Barafu isikiguse kiungo chenyewe. Kwenye vitengo vya nyama nilivyopita, sijaona ukutani karatasi inayosema hivyo. Nimeona za bei.

Nilikwenda dukani kuonana na meneja. Alinipokea kwa adabu, akaniwekea kiti, akaniagizia soda. "Pole sana, Mzee," akaniambia, "lakini kusema kweli kijana alikuwa mzembe. Alikuwa anapiga gumzo huku mashine inazunguka." Nikamwomba aniruhusu niione hiyo mashine. Alisita, kisha akanipitisha nyuma.

Wateja wengi hawajawahi kuuona msumeno huu kwa karibu, maana unakaa nyuma ya mapazia ya plastiki. Ni utepe wa chuma wenye meno, umeungwa ncha kwa ncha, unazunguka kwenye magurudumu mawili, moja juu ya meza na moja chini yake. Utepe unashuka kwenye mwanya wa meza, na mkataji anaisukuma nyama iuelekee. Juu ya meza kuna bati linalopanda na kuteremka kwenye fimbo, linafungwa kwa kifundo cha kuzungusha kwa mkono. Hilo bati ndilo kinga. Ukikata mbavu unaliteremsha mpaka libakishe nafasi ya kupita mbavu basi. Ukikata mguu wa ng'ombe unalipandisha kiasi cha mguu. Meno ambayo hayakati kitu hayatakiwi kuwa wazi. Ubavuni kuna kisukumio, bamba la kuegemezea nyama, ili kiganja kikae nyuma ya bamba.

Kwenye mashine ile bati lilikuwa juu kabisa. Nikakishika kifundo nikakizungusha, hakikutikisika. Kilikuwa kimeganda kwa kutu, na nyinyi mnaoishi pwani mnajua hewa yetu ya chumvi inavyokula chuma. Fimbo yenyewe ilikuwa na mafuta makavu meusi chini ya pale bati lilipokwama, ishara kwamba halikuwa limepita hapo kwa muda mrefu. Yaani mtu aliyekuwa akikata mbavu zisizozidi unene wa vidole viwili alikuwa na shubiri nzima ya meno wazi mbele ya mkono wake. Kisukumio tulikikuta kabatini pamoja na sabuni na matambara. Meneja alinyamaza. Ninaamini hakuwa akijua kazi ya bati lile, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyeandika neno "mzembe" kwenye kitabu cha zamu.

Sasa niwaeleze jinsi kidole kinavyokwenda, kwa mtu anayeijua kazi. Nyama iliyogandishwa huteleza kama sabuni ya kuogea pindi barafu ya juu inapoanza kuyeyuka. Mfupa wa mviringo hujizungusha wenyewe meno yanapouuma, na ukijizungusha unauvuta mkono ulioushika. Vidole vilivyoshika nyama ya friza kwa saa nzima vinakufa ganzi. Unadhani umeshika hapa, kumbe umeshika pale. Na hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kipande cha mwisho. Mwanzoni ubavu ni mrefu, mkono uko mbali. Kila ukikata, unasogea. Ukibaki na kipande kidogo, mkataji aliyeharakishwa hukisukuma kwa ncha za vidole amalizie. Aliyefundishwa hafanyi hivyo. Anachukua kisukumio, au anakiweka kando akimalizie kwa panga juu ya gogo. Kijana wetu alikatwa kwenye kipande cha mwisho, na kisukumio kilikuwa kabatini.

Ipo na hatari ya kuzima. Ukibonyeza swichi, mota inanyamaza lakini magurudumu yale mazito yanaendelea kuuzungusha utepe kwa muda. Meno yakienda mbio hayaonekani kama meno, yanaonekana mstari unaong'aa umetulia. Nimewaona watu wazima wakipeleka kitambaa kufuta meza hali utepe haujasimama. Na huku kwetu stima hukatika. Stima ikipotea katikati ya kukata, kila mtu huacha alichoshika akageuka kutafuta tochi ya simu. Mashine iliyofungwa swichi ya kufaa haiwaki tena stima ikirudi mpaka mtu abonyeze upya. Nyingi ya hizi za mitumba zimeungwa na fundi wa mtaani moja kwa moja kwenye swichi ya ukutani. Stima ikirudi zinaanza kuzunguka zenyewe, na huenda kuna mkono unatoa kipande kilichokwama.

Nasikia ikisemwa ajali haina kinga. Hii inayo, nimeigusa kwa mkono wangu, na kifundo kile kingelegezwa kwa mafuta ya kulainisha na spana ndani ya nusu saa.

Mashine ya kusaga nayo ina vituko vyake. Tundu la kutilia nyama limewekewa sahani na shingo nyembamba ili mkono usifike kwenye parafujo inayosokota ndani. Mtu akitaka haraka, huing'oa sahani apate kutia mapande makubwa, halafu husukuma kwa vidole. Parafujo ile haikati na kuachia, inaendelea kuvuta. Ikitokea, Mungu apishie mbali, msimvute mwenzenu na msiigeuze mashine irudi nyuma. Zimeni, chomoeni waya, fungueni kichwa cha mashine kitoke kwenye mota, mmpeleke hospitali na kichwa hicho mkononi mwake, huko ndiko kitakakofunguliwa. Slaisa ya kukatia salami, ambayo Malindi yetu ina nyingi kwa ajili ya Waitaliano, mara nyingi huumiza wakati wa kuoshwa: chomoa waya kwanza, rudisha kipimo cha unene kwenye sufuri ukingo wa kisu ufunikwe, kisha futa kutoka katikati kwenda nje.

Na glavu ya chuma. Kijana alikatwa mshahara kulipia glavu hiyo, kisha akaambiwa aivae kwenye msumeno. Makosa mawili kwa pamoja. Glavu ya vipete vya chuma ni ya kuchunia na kutoa mifupa kwa kisu, huvaliwa kwenye mkono usioshika kisu. Kwenye utepe unaokwenda mbio meno yanaweza kuinasa yakauvuta mkono wote. Na kumtoza mfanyakazi pesa kwa kitu ambacho sheria ya usalama inamtaka mwajiri akitoe, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 imekataza.

Nimekuja kuisoma sheria hii ukubwani, kwa sababu ya dada yangu aliyekuwa akilia kila nikipita nyumbani kwake. Karani mmoja wa wakili, jirani yetu, alitukalisha barazani akatueleza. Sheria hiyo inamtaka mwenye mahali pa kazi azibe sehemu za mashine zinazoweza kudhuru, amfundishe anayezitumia na amsimamie asiye na uzoefu. Mfanyakazi akiona hatari kubwa anatakiwa aiseme kwa msimamizi wake, na halazimishwi kurudi hapo hatari ikiwa bado ipo. Wala hafukuzwi kwa kuwa amelalamika. Na mahali pa kazi pakaguliwe kiusalama angalau mara moja kila miezi 12. Nikajiuliza: kwa ukaguzi upi kifundo kile kiliachwa mpaka kikala kutu?

Kisha ipo sheria ya pili ya mwaka huo huo wa 2007, ya fidia ya majeraha kazini, ambayo wengi huita WIBA. Hapa naomba wasomaji wenye vijana kazini wasome polepole. Mwajiri akishapata habari ya ajali ana siku 7 za kuipeleka kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Mtu akifa, ni saa 24. Gharama za matibabu ni juu ya mwajiri. Mtu akilala nyumbani siku 3 au zaidi hajiwezi, alipwe mapato yake hadi afikie miezi 12. Akibaki na kilema cha kudumu, hesabu inaanzia kwenye mapato ya miezi 96, kisha inachukuliwa asilimia kulingana na kiungo kilichopotea, jedwali liko mwishoni mwa sheria. Na madai yawe yamefikishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Mwajiri anatakiwa awe na bima ya mambo haya.

Kijana alikuwa amekaa nyumbani akiamini hana haki, kwanza kwa kuwa yeye ni kibarua asiye na barua ya ajira ya kudumu, pili kwa kuwa ameandikwa mzembe. Kuhusu la kwanza, sheria inamhesabu hata mwanagenzi anayejifunza kazi. Kuhusu la pili, kinachoweza kumnyima mtu fidia ni utovu wa kukusudia, na hata huo haumnyimi kama amebaki na kilema kikubwa au amekufa. Kupiga gumzo kazini si kukusudia kujikata kidole, jamani.

Wakati huo huo kulikuwa na mtu aliyemfuata hospitalini akimwahidi kumpeleka mahakamani moja kwa moja, alipe kidogo cha kuanzia. Tulimshukuru tukamwacha aende zake. Tangu Desemba 2019, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi iliyoihusu sheria hii, inafahamika kwamba madai huanzia kwa Mkurugenzi. Kinachohitajika kwanza ni fomu, inaitwa DOSH/WIBA 1. Sehemu ya mwanzo anajaza mwajiri, sehemu ya pili anajaza daktari.

Nilirudi kwa meneja na fomu mkononi. Safari hii hakukuwa na soda. Alisema atauliza makao makuu, makao makuu wakasema waulize wakala aliyewaletea vibarua, wakala akasema mashine si yake. Tulizungushwa hivyo mpaka afisa wa leba alipowapigia simu, ndipo ikajazwa. Mpaka ninapoandika, kijana anasubiri tathmini. Amejifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Bati la msumeno, nimeambiwa na walio ndani, sasa linashuka.

Jambo moja limenikaa rohoni, Mhariri, na ningependa wakubwa wa kaunti walisikie. Mabucha yetu yanakaguliwa. Afisa wa afya anakuja, anaangalia muhuri kwenye nyama, anaangalia vigae, wavu wa nzi, makoti meupe, na anadai cheti cha afya cha kila anayeshika nyama. Ni kazi nzuri na naiheshimu, kwa sababu mlaji asile ugonjwa. Lakini afisa huyo anasimama hatua mbili tu kutoka kwenye msumeno wenye bati lililokwama juu, anaupita, kwa sababu mashine ni ya idara nyingine iliyo chini ya serikali kuu. Cheti kinahakikisha kijana hatamwambukiza mteja. Mkono wa kijana mwenyewe haumo kwenye orodha ya mtu yeyote aliyeingia mlangoni siku hiyo. Ninaomba wakubwa wa pande mbili wakubaliane jambo dogo: anayefika dukani aandike alichokiona kwenye mashine na aipeleke karatasi kwa anayehusika. Hata kama hana mamlaka ya kufunga duka, macho anayo.

Na hao wanaohusika wasiotembelea maduka siwalaumu peke yao. Watajuaje pa kwenda? Ajali isiyoripotiwa haiko kwenye faili. Msumeno ule ungemkata wa pili na wa tatu, kila mmoja akapewa nauli, na ofisini ungebaki msumeno mzuri usio na historia. Ndiyo maana nasisitiza siku zile 7. Fomu moja inamsaidia aliyekatwa, na inamwonesha mkaguzi mlango wa kubisha.

Niseme na la wanafunzi wa likizo. Desemba na Agosti, shule zikifungwa na wageni wakiwa wengi, vijana wa sekondari huingizwa kwenye vitengo hivi kwa ujira wa siku. Kupakia na kufagia sina neno. Lakini wengine huachiwa kuosha slaisa na mashine ya kusaga jioni, wakubwa wakishaondoka, kwa kuwa kuosha huonekana kazi ndogo. Marekani, sheria ya serikali kuu inamkataza aliye chini ya miaka 18 kuendesha msumeno wa nyama, slaisa au mashine ya kusaga, hata katika maduka ya vyakula, na inamkataza hata kuziosha. Nadhani wao walifika hapo baada ya kuona vidole vingi. Sisi tunaweza kufika bila ya kungoja. Mwenye duka anayesoma hapa hahitaji bunge kumzuia; amwambie msimamizi wake leo kwamba mtoto wa skuli haigusi mashine, imewashwa au imezimwa.

Wazee wenzangu wa kazi hii nao nawaomba kitu. Kijana akija dukani kwako akakuambia anajua msumeno, usimwamini mpaka umemwona anakata kipande cha mwisho. Hapo ndipo utamjua. Na wewe mwenyewe ukiwa mbele yake shusha bati, hata kama wewe una miaka mingi na huoni haja, kwa sababu anakutazama mkono.

Waliokatwa hawaishi Malindi mjini tu, wapo Mambrui, wapo Gede, wapo Watamu, na baadhi yao hawajatimiza miezi 12, muda wao haujapita. Nimetoa nakala za ile fomu, zipo kwenye bucha yangu Barani, na yule karani jirani yetu hupita jioni baada ya alasiri, amekubali kumwelekeza yeyote mahali pa kuipeleka. Njoo na barua ya hospitali na chochote kinachoonesha ulikuwa ukifanya kazi hapo, hata kama ni ujumbe wa malipo kwenye simu. Hatutozi kitu.

Mkata nyama,
Barani, Malindi